Kamera Moja, Watu Wawili

Leo naomba tuongelee kitu ambacho ukikitazama juu juu unaweza kudhani ni cha mafundi na wapenda vifaa, lakini nakuhakikishia kimeshaleta kununiana kwenye nyumba zaidi ya moja ninazozifahamu. Nacho ni kununua kamera ya kwanza. Sio ya simu. Kamera yenyewe hasa, ya kubadilisha lenzi na kuning'iniza shingoni.

Ukiingia duka la kamera na kusema unataka ya kuanzia, muuzaji atakuwekea mezani aina mbili. Ya kwanza ni DSLR, ile ya umbo tulilozoea kuliona kwa wapiga picha wa harusi. Ya pili ni mirolesi, yaani kamera isiyo na kioo ndani. Zote mbili zinapiga picha nzuri kuliko simu yako usiku na mbali, zote zina lenzi za kubadilisha, na ukiziweka picha zake ukutani hakuna mgeni atakayekuuliza hii umepiga na ipi. Sasa ugomvi unatoka wapi?

Tuanze na kioo chenyewe, manake wauzaji wengi hawakielezi. Kwenye DSLR mwanga ukiingia kwenye lenzi unakutana na kioo kilicholala mshazari, kinaurusha juu, unazunguka hadi kwenye kitundu unachochungulia. Kwa hiyo unachokiona ni kitu chenyewe, kama unavyochungulia dirishani. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, shata inafunguka, mwanga unaifikia sensa (siyo ile ya kuhesabu watu, ni kile kibamba kinachopokea picha). Ule mlio wa "klaa!" unaousikia kanisani wakati wa kuvishana pete unatokana na kioo na shata.

Mirolesi wamekitoa hicho kioo. Sensa inatazama muda wote, na kile inachokiona inakuonyesha kwenye skrini au kwenye kitelevisheni kidogo ndani ya kitundu. Faida yake kubwa kwa mtu anayeanza ni kwamba unaiona picha kabla hujaipiga. Kama itakuwa na giza, unaiona ina giza. Kama dirisha lililo nyuma ya shangazi litamfanya awe kivuli, unakiona kivuli. Kwenye DSLR unapiga, unatazama, unarekebisha, unapiga tena, na shangazi ameshachoka kutabasamu.

Historia yake fupi tu. Canon walitoa EOS 300D mwaka 2003, DSLR ya kwanza kuuzwa chini ya dola 1,000 Marekani, na kuanzia hapo watu wa kawaida wakaingia. Mwaka 2008 Panasonic wakatoa Lumix G1, ndiyo iliyoanzisha familia ya mirolesi tunazozijua, na watu wakaicheka. Canon na Nikon walijivuta hadi 2018 ndipo wakaja na familia zao kubwa za mirolesi. Halafu mambo yakageuka ghafla. Mwaka 2020 mirolesi zilizosafirishwa kutoka viwandani zilizidi DSLR kwa mara ya kwanza, na tangu mwaka huohuo Canon na Nikon hawajatoa DSLR mpya. Nikon D3500 iliyotoka 2018, ambayo kwangu ndiyo ilikuwa mwalimu mzuri kuliko DSLR zote za kuanzia, ilisimamishwa 2022. Aliyebaki kuzishikilia ni Pentax, na hao huku kwetu huwaoni sana.

Kwa hiyo atakayekuambia "DSLR zimekufa" hajakosea sana. Ila kuna kitu hasemi. Simu yako ya miaka mitatu iliyopita nayo kiwanda kimeiacha, na bado unaongea nayo kila siku.

Nyumbani kwetu ilianza hivi. Ilikuwa zamu yangu kwenye mchezo wa ofisini, milioni mbili na nusu. Nilikuwa nimeshasema toka mwaka wa juzi kwamba hela ile ni ya kamera. Sababu yangu ilikuwa moja, bibi yangu mzaa mama, yuko Marangu, ana miaka tisini na kitu, na kwenye ukoo mzima picha yake iliyo nzuri ni ya kitambulisho. Desemba tungepanda wote nyumbani kama kawaida ya Wachaga, na nilitaka bibi apigwe picha za kumfaa.

Mwenzangu naye ana hesabu zake. Rafiki yake anauza Nikon D3500, imetumika, ina lenzi mbili, laki tisa. "Mama, kwa laki tisa tunapata kamera, inabaki milioni na laki sita. Tunanunua fleshi, stendi, mwezi wa kumi na mbili nampigia mtu send-off, hela inarudi." Mimi nilikuwa nimeshaiona Canon R50 mpya dukani, mirolesi iliyotoka 2023, na bei yake ilikuwa inakaribia kuumaliza mchezo wangu wote. Basi ikawa DSLR yake, mirolesi yangu. Siku tatu tunaongea kwa kupitia watoto. "Mwambie baba chai iko mezani."

Ukitazama vizuri utaona kwamba hapo hatukuwa tunabishania kioo. Yeye alikuwa anaongelea biashara, mimi namwongelea bibi. Na kwenye bei tulikuwa tunalinganisha mtumba na kitu kipya cha kwenye boksi, halafu tofauti yote tunakibebesha kioo. Wanandoa wengi wanaoniandikia kuhusu vitu vya ndani, iwe friji, gari au kochi, wanakwama hapohapo. Kabla hujauliza "ipi," ulizaneni kila mmoja anaitaka ya nini, na mlinganishe mpya na mpya, mtumba na mtumba.

Tulichofanya tukaazima zote mbili. D3500 kwa huyo rafiki yake, na R50 kwa dada mmoja tunayefanya naye kazi. Jumamosi moja tukazipeleka kwenye kipaimara cha mtoto wa binamu yangu Tabata. Yeye na yake, mimi na yangu, kuanzia ibada hadi ukumbini.

Asubuhi nje ya kanisa, jua linawaka, hakuna tofauti. Nasema kweli. Sensa zote ni za megapikseli 24 na ukubwa wake haupishani sana, na jioni tulipoziweka picha za nje kwenye kompyuta ilibidi tufungue maelezo ya faili kujua ni ya nani. Hata ule wepesi wanaousifia dukani ulinishangaza. D3500 na betri na memori kadi ni gramu 415, R50 ni gramu 375. Gramu 40! Hiyo ni mandazi moja. Tofauti inayoonekana iko kwenye lenzi inayokuja nayo kwenye boksi. Ya R50 ina gramu 130, ya D3500 gramu 205, na ukiikunja ile ya R50 inaingia kwenye mkoba wa kawaida wa mama. Kama unabeba mkoba, hilo si dogo, manake kamera ambayo inahitaji begi lake yenyewe mara nyingi inabaki kabatini.

Ndani ya kanisa tofauti ikaanza. Kila mume wangu akibonyeza, klaa, na kuna mama mmoja wa kwaya aligeuka mara mbili. Mimi niliweka ya kwangu iwe kimya kabisa, nikapiga mkono wa mchungaji juu ya kichwa cha mtoto na hakuna aliyejua. Ila usifurahi mapema. Ukumbini kulikuwa na zile taa za zambarau za LED, na picha zangu za kimyakimya zikatoka na mistari ya kulala, kama televisheni ya zamani inapotafuta stesheni. Ni kwamba taa za namna ile zinawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoweza kuona, na kamera ikiwa kwenye ukimya inaisoma picha mstari kwa mstari, hivyo inazinasa zikiwa nusu zimewaka, nusu zimezima. Nikarudisha shata ya kawaida, mistari ikapungua sana.

Kwenye watoto wanaokimbia ndipo mirolesi ilinikamata moyo. D3500 ina vituo 11 vya kufokasi, vimekaa katikati ya picha. Mtoto akitoka pembeni, ni wewe na bahati yako. R50 inatafuta uso, ikiupata inatafuta jicho, na inalifuata karibu picha nzima. Mimi si mpiga picha, msomaji wangu, mimi ni mhasibu ninayeandika ukurasa huu mara moja kwa mwezi. Na bado nilirudi na watoto wanane wanaocheza, macho yao yote makali. Mwenzangu alikuwa na picha nzuri sana za keki.

Lakini saa mbili usiku, kwaito imeshakolea, kamera yangu ikazima. Kwisha. Nilikuwa nimepiga picha mia nne na kitu na vipande vya video. Yake bado ilikuwa inaonyesha betri kama haijaguswa, na aliitumia kunipiga picha nimeshika kamera yangu iliyokufa. Ipo hadi leo kwenye simu yake.

Hili la betri lielewe vizuri kwa sababu halisemwi. Kwenye mirolesi sensa na skrini zinakula umeme muda wote unaotazama. Kwenye DSLR ukichungulia, kioo kinafanya kazi bure. Kwa kipimo cha watengenezaji D3500 inapiga picha 1,550 kwa chaji moja. Mfano mzuri zaidi ni wa Canon, kwa sababu DSLR yao ndogo ya 250D na hii R50 zinatumia betri ileile moja. Kwenye 250D, ukichungulia kwenye kitundu, inafikisha picha 1,070. Ihamishie kwenye R50, inaishia mia chache. Kwa hiyo ukinunua mirolesi, betri ya pili iingize kwenye bei tangu mwanzo, na kama unaishi au unafanya kazi kusiko na umeme wa uhakika, iweke na ya tatu. Zipo pia mirolesi zinazochajiwa kwa waya wa USB, uliza kabla hujalipa.

Sasa tufike kwenye lenzi, na hapa naomba utulie kidogo.

Watu wanatumia wiki mbili kuchagua kamera na dakika mbili kuchagua lenzi. Mimi ningekushauri uigeuze hiyo. Zile lenzi za kwenye boksi, za aina zote mbili, ni za mchana. Na ajabu ni kwamba ya R50 inaingiza mwanga kidogo zaidi ya ile ya D3500. Yaani kwenye kupunguza uzito wamepunguza na mwanga. Namba zake ziko mbele ya lenzi. Ya Nikon imeandikwa 3.5 hadi 5.6, ya Canon 4.5 hadi 6.3, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo dirisha linavyokuwa dogo. Halafu kuna lenzi nyingine isiyovuta mbali wala karibu, ya milimita 50, imeandikwa 1.8. Hiyo dirisha lake linaingiza mwanga zaidi ya mara 12 ya ile ya 6.3. Mara 12! Ndiyo tofauti ya kupiga bibi jikoni bila fleshi, na kutopiga kabisa. Na ndiyo inayofanya nyuma ya mtu kuwe na ule ukungu laini ambao kila mtu anautaka kwenye picha ya send-off.

Kwa DSLR lenzi hizi zimejaa mtaani na bei zake zinaongeleka, kwa sababu kishikio cha lenzi za Canon EF kimekuwepo tangu 1987 na cha Nikon F tangu 1959. Watu waliohamia mirolesi wanaziachia. Hiyo ndiyo nguvu ya kweli ya DSLR leo. Ila kuna mtego. D3500 haina mota ya kufokasi ndani yake, inategemea mota iliyo kwenye lenzi. Ukiuziwa ile milimita 50 ya zamani ya Nikon yenye herufi D mwishoni, itaingia, itakaa vizuri, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Tafuta zilizoandikwa AF-S au AF-P.

Mirolesi nazo hazikuachi yatima. Kuna adapta ya Canon inayoziruhusu lenzi zote za EF na EF-S kukaa kwenye kamera mpya kama R50, na otofokasi inafanya kazi. Nikon wana ya kwao inayoitwa FTZ, nayo ni nzuri, isipokuwa zile za herufi D zinabaki za mkono hukohuko. Sony ndio wenye lenzi nyingi za makampuni mengine kwa mirolesi ndogo, kwa vile wako humo tangu 2010. Canon waliubana mlango wao kwa muda mrefu, na mwaka 2024 ndipo walipowaruhusu Sigma na Tamron kutengeneza lenzi za kamera zao ndogo kama hiyo.

Basi jioni ile ya Jumapili, tumekaa na karatasi, mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema: "Kwani mirolesi hazina mtumba?" Nilitaka kumbusu. Tulizunguka wiki mbili, Kariakoo, Mtaa wa Aggrey na vichochoro vyake, na kuulizia kwa wapiga picha. Tukaipata R50 iliyotumika mwaka mmoja, na lenzi yake ya boksi, kwa milioni moja na laki sita. Milimita 50 ya kamera hiyohiyo, laki tano na nusu. Betri ya pili, laki. Ikabaki laki mbili na nusu, ambayo niliipeleka kwenye nauli za Marangu, na fleshi yake ikasubiri.

Sisemi nanyi mfanye hivyo. Nasema tulifikaje.

Desemba tukapanda. Bibi yangu anapenda kukaa jikoni, kile kijiko cha nje chenye moshi, mwanga unaingia mlangoni tu na kidogo kwenye mafiga. Mume wangu ndiye aliyeanza. Akamwamkia, akainua kamera usoni, na bibi palepale akakaza mgongo, akashusha mikono magotini, akaacha kutabasamu. Kama yuko studio mwaka 1960. Kizazi chake ndivyo walivyofundishwa. Ukionyeshwa kamera, unakaa kama unaapishwa. Akapiga, ikatoka picha ya heshima, tumeichapa, iko kwa mjomba sebuleni.

Baadaye nilibaki naye peke yangu tunachambua maharage. Niliifungua skrini pembeni, nikaiweka kamera kwenye paja, lenzi ikimtazama, nikaweka ukimya. Tunaongea. Naangalia chini kama naangalia maharage, nakiona kile kiboksi kidogo kimekaa juu ya jicho lake, kinamfuata akigeuka. Ananisimulia jinsi babu alivyokuja kuposa akiwa na kiatu cha kuazima, na anacheka hadi anafunika mdomo kwa kiganja. Nilipiga labda thelathini. Kwa lenzi ya boksi zingekuwa giza tupu, kwa kamera iliyofunika uso wangu asingecheka. Mama yangu alipoziona alikaa nazo kimya muda mrefu, halafu akauliza kama inawezekana kuzichapa kubwa.

Sasa kabla hamjakimbilia mirolesi wote, niwatetee wa DSLR, manake wapo ninaowashauri kuinunua bila kusita.

Kama jumla ya hela yako yote, na lenzi ndani yake, haivuki milioni moja, usijikunjekunje. Nunua DSLR ya mtumba iliyo safi na milimita 50 au, kwa Nikon ndogo, ile AF-S ya milimita 35 yenye 1.8. Utapata picha ambazo mirolesi mpya yenye lenzi ya boksi haitaweza kuzipata ndani ya nyumba. Kama kazi yako inakuweka shambani au barabarani siku mbili bila umeme, DSLR. Kama macho yako yanachoka na skrini kutwa nzima ofisini na unataka kuchungulia dunia yenyewe, DSLR. Na kama unaishi kwenye vumbi na unapenda kubadilisha lenzi kila saa, fahamu kwamba kwenye mirolesi nyingi ndogo ukitoa lenzi, sensa iko uchi mbele yako. Kwenye DSLR kioo na shata vimeifunika. Mimi nabadilisha ndani ya gari, vioo vimepanda, kamera imeinama chini, na kabla sijaitoa lenzi ya kwanza ya pili iko tayari mkononi.

Kuna pia ile 250D niliyoitaja, iliyotoka 2019. Hiyo ni kama mtu mwenye uraia wa nchi mbili. Ukichungulia ni DSLR, ukifungua skrini inafanya kazi kwa namna ya mirolesi, inatafuta hadi jicho. Nayo ina tundu la maiki, ambalo D3500 haina. Anayefikiria video za kitchen party alitazame hilo la maiki kabla ya megapikseli, kwa sababu video yenye picha ya wastani watu wanaivumilia, yenye sauti mbovu hawaivumilii.

Ukienda kununua mtumba, wa aina yoyote, nenda mchana na uende na memori kadi yako. Piga ukuta mweupe ukiwa umeipeleka namba ya lenzi hadi 16, halafu ikuze picha. Madoa meusi ni vumbi kwenye sensa, linasafishika, ila ni sababu ya kupunguziwa bei. Toa lenzi, ipitishie tochi ya simu kwa nyuma. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu, irudishe mezani taratibu na ushukuru. Pwani yetu hii na unyevu wake, kuvu ndiyo adui wa lenzi namba moja. Hata yako mwenyewe usiifungie kwenye begi la ngozi kabatini, iweke kwenye boksi la plastiki linaloziba, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Uliza shata imepigwa mara ngapi. Kwa Nikon namba hiyo imeandikwa ndani ya faili la picha, hawezi kukudanganya. Na kwa R50, kama mna fleshi ya zamani, jueni kiti chake cha fleshi ni cha aina mpya na fleshi za zamani zinahitaji adapta. Hilo tulilijua mapema ndiyo maana ile fleshi ikasubiri.

Ikisubiri hadi lini? Hadi Machi. Mwenzangu alipata send-off ya kwanza, ya jirani, na hapo ndipo tulipokaa tena na karatasi, kwa sababu kamera ni ya hela ya mchezo wangu, kazi ni ya kwake, na mteja ametoa nusu ya malipo mkononi. Tulikubaliana kwa kila kazi atoe kwanza fungu la kamera, la betri na matengenezo, na kinachobaki ni jasho lake, sikiulizii. Wikiendi isiyo na kazi kamera ni yangu. Memori kadi za wateja ni za rangi nyingine, hazichanganywi na za watoto, na picha zinakaa sehemu mbili kabla kadi haijafutwa. Hilo la mwisho nililiandika kwa kalamu nyekundu, nikalibandika kwenye friji, juu ya bili ya maji.

Jumamosi iliyopita aliniomba R50 kwa sherehe ya mtu wake wa ofisini. Nikamwambia angalia friji. Akaangalia, akachukua simu, akampigia yule rafiki yake kuuliza kama D3500 bado ipo.

Mwezi ujao, tukijaaliwa, tutaongelea mawifi na funguo za nyumba. Niandikieni.